"Gather" Si Kusanya: Futeni Hiyo Alama ya Sawasawa



Leo sina umbea wa hosteli wala habari za bumu (bumu lenyewe likitoka mtajua kabla yangu). Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na kialama kimoja kidogo cha mistari miwili. Nasema ile alama ya sawasawa inayokaa ubaoni katikati ya neno la Kiingereza na neno la Kiswahili. Wana-education mnaijua vizuri. Muda si mrefu tunatawanywa mikoani kwa ajili ya TP, na nina uhakika wengi wetu kipindi cha kwanza tutashika chaki, tutaandika kichwa cha habari "New Vocabulary", halafu tutashusha orodha: gather = kusanya, collect = kusanya, assemble = kusanya, basi. Watoto watanakili, watakariri, kengele italia, na mwalimu atatoka kifua mbele kwamba leo amefundisha msamiati.

Mimi nasema hajafundisha kitu. Tena ameharibu mara mbili. Hajampa mtoto Kiingereza, na papo hapo amempunguzia Kiswahili alichokuja nacho kutoka kwao. Anayebisha asome hadi mwisho kwanza, kisha aje tubishane pale vimbwetani.

Nachukua kitenzi kimoja tu, "gather", ili tusipotee njiani. Ni kitenzi cha kawaida kabisa, mtoto wa sekondari anakutana nacho mapema, na kila mwalimu anadhani kinajulikana. Ndiyo maana nimekichagua. Neno gumu halina matata sana, kwa sababu kila mtu analikimbizia kwenye kamusi. Neno jepesi ndilo linalotuumiza, maana hakuna anayelikagua.

Tuanze na kuni. Mwingereza akisema watoto wamekwenda "to gather firewood", wewe unasemaje kwa Kiswahili? Usiniambie wamekwenda kukusanya kuni. Hiyo ni pale kuni zimetapakaa uani na mama kasema zirundikwe pembeni. Mtoto aliyeingia porini na kamba yake begani amekwenda kuokota kuni, na Kiswahili kina hata neno lake maalumu: kusenya. Neno zima, kwa kazi hiyo tu ya kuni!

Haya, tuendelee. "Gather flowers" ni kuchuma maua. "Gather honey" ni kulina asali. "Gather the harvest" ni kuvuna. Ukigeukia ndugu yake, "collect", mambo ni hayo hayo. "Collect rainwater" ni kukinga maji ya mvua. "Collect rubbish" ni kuzoa taka. "Collect taxes" ni kutoza kodi, na ndiyo maana wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamjua Mathayo kama mtoza ushuru, hakuna anayemwita mkusanya ushuru. "Collect money for a wedding" hata mtoto wa chekechea wa mjini anaijua, maana nyumbani kwao kadi za michango haziishi: ni kuchangisha. "Collect your certificate" ni kuchukua cheti chako. Na Mwingereza akisema anakwenda "to collect" mtoto wake shuleni, anakwenda kumfuata. Akienda kumkusanya, jamani, huyo mtoto kapatwa na nini?

Hesabuni wenyewe. Kusenya, kuokota, kuchuma, kulina, kuvuna, kukinga, kuzoa, kutoza, kuchangisha, kuchukua, kufuata. Maneno 11, na kukusanya lenyewe sijalihesabu. Kisha msomi mmoja anasimama kwenye semina, na tai yake shingoni, anatuambia eti Kiswahili ni maskini wa msamiati. Maskini gani huyo wa kutandaza mali namna hii?

Ila nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Kiingereza nacho ni maskini. Wana "pick", wana "reap", wana "levy", wana maneno yao chungu nzima. Ninachosema ni kwamba kila lugha imeligawa shamba kwa mipaka yake, na mipaka ya majirani hawa wawili haifuatani. Alama ya sawasawa inamdanganya mtoto kwamba mpaka ni mmoja.

Sasa tazama tofauti yenyewe ilivyo, maana hapa ndipo penye nondo. Kiswahili kinaangalia mkono unafanya nini na kitu chenyewe ni kitu gani. Ua linakatwa kwenye shina, kwa hiyo tunachuma. Korosho iko chini, kwa hiyo tunaokota. Maji yanadondoka, tunaweka ndoo, kwa hiyo tunakinga. "Gather" yenyewe haijali sana mkono. Inaangalia matokeo: vitu vilivyokuwa huku na huko sasa viko pamoja.

Na hili si jambo nililoota. Neno lenyewe linasema. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "gaderian", na ni ndugu wa damu wa "together", yaani pamoja. Wakati ule lilitamkwa kwa d, kama ambavyo hata "father" na "mother" katika enzi za Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, zilikuwa bado na d. Baadaye d hizo zikalainika, lakini undugu haukufa. Waholanzi mpaka leo wakifanya mkutano wanatumia kitenzi "vergaderen", mtoto wa ukoo huo huo. Kwa hiyo mwalimu akitaka kumpa mtoto ufunguo mmoja wa "gather", ufunguo ni wazo la pamoja. Kusanya ni mlango mmoja tu kati ya milango mingi.

Jaribu ufunguo huo uone unavyofungua. "The clouds are gathering." Mawingu yaliyokuwa mbalimbali yanakuja pamoja, na Mswahili anasema mawingu yanatanda. Kazi ya fundi cherehani: anapitisha uzi, anavuta, kitambaa kinajikunja na kuja pamoja kiunoni mwa gauni. Kwa Kiingereza nayo ni "gather", na sisi tunasema ametia marinda. Jipu: usaha unakuja pamoja mahali pamoja. Waingereza wa zamani walisema jipu lina-"gather", na Mswahili anasema limetunga usaha. "The bus gathered speed." Mwendo unaongezeka kidogo kidogo, huu juu ya ule, mpaka basi linashika kasi. Umeona? Sentensi nne, Kiswahili vitenzi vinne, hakuna kusanya hata mmoja, na bado wazo la Kiingereza ni lile lile.

Sasa mlete mtoto mwenye orodha yetu. Yeye kaambiwa gather = kusanya, na kwa kuwa ni mtoto mwenye heshima, anamwamini mwalimu. Anaposoma kwamba basi lili-"gather speed", anaandika basi lilikusanya mwendo. Anaposoma mawingu, anaandika mawingu yanakusanya. Yanakusanya nini? Hajui. Anakodoa macho, anaruka mstari, anaruka aya, mwisho anaruka somo. Halafu tunakutana kwenye kikao cha walimu tunasema watoto wa siku hizi wavivu.

Balaa zaidi ni hii: "I gather you are leaving tomorrow." Kwa orodha yetu: ninakusanya wewe unaondoka kesho. Kumbe msemaji anasema nasikia unaondoka kesho, au naona unaondoka kesho. Na kuna utamu ndani yake ambao mtoto anaukosa kabisa. Anayesema "I gather" hakuambiwa waziwazi. Kaona begi limefungwa, kasikia mtu anauliza nauli, kaunganisha hiki na kile, akapata jibu. Vipande vimekuja pamoja kichwani. Ni lugha ya mtu mwenye adabu, asiyetaka kujifanya anajua kila kitu. Kiswahili tunalo hilo hilo, tena tunalipenda sana: kumbe unaondoka kesho! Mtoto huyu ana "kumbe" tele mdomoni tangu anaanza kusema. Mwalimu angemuunganishia "I gather" na "kumbe" au na "naona", asingesahau mpaka anazeeka. Badala yake kapewa kusanya.

Angalia na sarufi, maana huko nako alama ya sawasawa inavuja. Kiswahili kina utaratibu mzuri: kusanya, kusanyika, kusanywa, kusanyia. Silabi moja inabadilika na unajua nani kafanya na nani kafanyiwa. Mwalimu amekusanya madaftari, wanafunzi wamekusanyika. Kiingereza kinatumia umbo lile lile kwa yote mawili: "The teacher gathered the books" na "The students gathered." Mtoto aliyepewa kusanya peke yake anahisi sentensi ya pili ina pengo, kwa sababu kwake "wanafunzi walikusanya" haijakamilika. Anafanyaje? Anajaza pengo: "The students gathered themselves." Tunamkata maksi kwa kalamu nyekundu. Maksi ile tungejikata wenyewe, maana hatukumwambia kwamba "gather" moja inabeba kusanya na kusanyika kwa pamoja.

Na wakati mwingine Kiswahili chake kingemwokoa kama tungemruhusu akitumie. Mtoto anaandika "I gathered at the stadium", yeye mmoja. Muulize tu kwa Kiswahili: unaweza kusema "nilikusanyika uwanjani"? Darasa zima litacheka, na yeye mwenyewe atacheka. Mtu mmoja hakusanyiki! Somo limeisha kwa nusu dakika, bila kanuni ndefu, kwa sababu kanuni tayari anayo. Hakuna mtu aliyemwomba aitoe mfukoni.

Kuna methali yao kwamba jiwe linaloviringika hali-"gather moss", yaani ile mimea midogo ya kijani inayoota kwenye mawe yenye unyevu. Mwingereza analifanya jiwe kuwa mtendaji: jiwe ndilo linalopata. Mswahili hawezi kusema jiwe linakusanya majani, kwake majani ndiyo yanayoota juu ya jiwe. Ni hivyo hivyo kwa vumbi. Wao wanasema vitabu vina-"gather dust", sisi tunasema vitabu vimejaa vumbi. Kwa hiyo hata mtenda anaweza kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Alama ya sawasawa inawezaje kubeba jambo kama hilo? Haiwezi. Ile ni ya hesabu, irudishwe kwa walimu wa hesabu.

Sasa kuna mdau atasema: sawa, lakini "gather" na "collect" si kitu kimoja tu? Hapana, mwenzangu. Kuna mahali yanakutana, mfano mtu anaweza ku-"gather" au ku-"collect" ushahidi na hakuna atakayemshangaa. Lakini kuna mahali yanaachana kabisa. Mwenye hobi ya stempu ana-"collect", hawezi ku-"gather". Mwenye nyumba ana-"collect" kodi ya pango. Basi linaweza ku-"gather speed" lakini haliwezi ku-"collect speed". Na leo hakuna anayesema "I collect you are leaving."

Sababu iko kwenye asili. "Collect" imetoka Kilatini, kwenye "colligere", na ndani yake kuna "legere", ambayo ilikuwa na maana ya kuokota au kuchagua, na pia kusoma. Ndiyo, kusoma! Msomaji wa kale ni kama mtu anayeokota herufi moja moja. Mpaka leo Wajerumani wana "lesen", ambayo ni kusoma na pia ni kuchuma zabibu. Na kutoka kwenye mzizi huo huo wa Kilatini zimekuja "select", "elect" na hata hiyo "lecture" tunayokimbizana kuiwahi saa moja asubuhi. Kwa hiyo "collect" mara nyingi ina harufu ya kuchagua, ya mpango, au ya kwenda kuchukua kilicho haki yako. "Gather" ina harufu ya kuleta pamoja tu. Ndiyo maana kwenye tafiti zetu tunaandika "data collection": kuna mpango, kuna sampuli, kuna dodoso. Angalau kwa nia.

Mnaona? Sijafika mbali, bado niko kwenye maneno mawili, na tayari kuna historia, kuna sarufi, kuna adabu. Yote haya yanazikwa chini ya mistari miwili ya chaki.

Mwenzangu wa Kemia usijifanye hayakuhusu. Shule za msingi za serikali kwa sehemu kubwa zinafundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto anaingia kidato cha kwanza, ana miaka 13 au 14, na ghafla karibu kila somo linageuka Kiingereza. Anafika maabara anaambiwa "the gas is collected over water." Orodha inamwambia gesi inakusanywa juu ya maji. Anaona picha gani? Gesi imetanda juu ya beseni kama moshi, na mtu anaikusanya kwa mikono. Kumbe jambo lenyewe analijua tangu nyumbani: gesi inatoka kwenye bomba, tunaipindulia gudulia lililojaa maji, inapanda na kuyasukuma maji nje. Gesi inakingwa! Ni kitendo kile kile cha bibi yake kuweka ndoo chini ya bati mvua ikinyesha, ila huku chombo kimepinduliwa. Neno moja la nyumbani, kukinga, lingemwonyesha kazi nzima. Sisi tumemnyima kwa sababu halipo kwenye orodha.

Na wewe wa History, fungua sehemu ya Zama za Mawe. "Hunters and gatherers", na mwalimu anaandika wawindaji na wakusanyaji. Wakusanyaji wa nini, mapato? Wakati tuna Wahadzabe hapa hapa nchini, kandokando ya Ziwa Eyasi, watu ambao kazi hizo hazijawa hadithi ya kitabuni. Kinamama wanachimba mizizi, wanachuma matunda ya porini. Matunda ya mbuyu yanaokotwa. Wanaume wanamfuata ndege anayewaongoza mpaka walipo nyuki, wanalina asali. Kuchimba, kuchuma, kuokota, kulina. Hizo ni kazi nne zenye ujuzi tofauti, na kila moja inataka macho na miaka ya kujifunza. Ukizimimina zote kwenye neno "wakusanyaji", mtoto anaona watu wanaozunguka porini wakizoazoa chochote. Dharau inaingia darasani kwa mlango wa tafsiri mbovu, na hakuna aliyeiona ikiingia.

Tena ugonjwa huu haubaki shuleni. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliambiwa tuepuke mikusanyiko. Ni "gatherings" hiyo imevishwa kanga. Kwa bibi kijijini kuna msiba, kuna harusi, kuna mnada, kuna ngoma, kuna ibada. Mkusanyiko ni kitu cha kwenye matangazo. Jambo lilihusu afya ya watu, na bado tulishindwa kuyataja mambo kwa majina yake ambayo kila mtu anayo.

Najua majibu yenu, nimeyasikia kwenye semina na kwenye foleni ya mgahawa. Nayajibu moja moja.

La kwanza: darasa lina watoto wengi mno, kipindi ni dakika 40, hakuna muda wa maringo. Nakubali darasa ni kubwa. Lakini orodha ya maneno 15 yaliyotafsiriwa kwa neno moja moja inakula kipindi kizima, na wiki ijayo yamebaki maneno mawili. Mimi nasema chukua kitenzi kimoja na marafiki zake watatu. Andika: gather firewood, gather speed, I gather that. Waulize watoto: kwa Kiswahili tunasemaje hapa? Na hapa? Na hapa? Waache wabishane, wale wa bara walete lao, wale wa pwani walete lao. Dakika 10. Tena darasa kubwa ndiyo faida yako, maana vichwa 80 vina Kiswahili kingi kuliko kamusi ya mwalimu.

La pili: mtihani ndio unaotaka hivyo. Mtihani gani? Karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne inampa mtoto habari aisome, aielewe, aifupishe. Huwezi kufupisha usichokielewa. Orodha ni dawa ya kumtuliza mwalimu, mtihani haiutibu. Huu ni udesaji tu, ndugu zangu. Sisi tunadesa hapa chuo, ni juu yetu, lakini tusiwapelekee watoto wa watu madesa.

La tatu, na hili ndilo linalojifanya la kisomi: ondoa Kiswahili kabisa kwenye darasa la Kiingereza, weka kibao "Speak English Only" mlangoni, anayekosea afagie uwanja. Haya, umeweka kibao mlangoni. Kichwani mwa mtoto utaweka kibao gani? Mtoto atatafsiri tu, upende usipende, kimoyomoyo, kwa sababu ndiyo njia aliyo nayo. Swali ni moja: atatafsiri kwa neno sahihi au kwa neno lile lile moja alilolikariri? Ukimkataza kutafsiri kwa sauti, unachopata ni kutafsiri vibaya kwa siri. Na unapata na kingine, unapata ukimya. Darasa zima limenyamaza, mwalimu anauliza "Do you understand?" na wote wanaitikia "Yes, sir." Nani kasema hiyo ni elimu?

La nne: kamusi zenyewe zinasema kusanya. Siyo kweli, kamusi hazina kosa hilo. Kamusi nzuri ya lugha mbili inampa mtu maana zaidi ya moja, imezipanga kwa namba, imeweka na mifano. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili ya mwaka 1996 iko maktaba, ipo na kwenye meza nyingi za hosteli, inashikilia dirisha lisijifunge. Shida ni sisi tunaosoma namba moja, tunafunga kitabu, tunachora mistari miwili.

Na kama mnataka mtu mkubwa wa kumtolea mfano, tunaye, na alikuwa mwalimu kama sisi tutakavyokuwa. Mwalimu Nyerere alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare. Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Angalieni hicho kichwa cha pili. Kwa Kiingereza ni "merchant", mmoja. Orodha ya ubaoni ingesema merchant = mfanyabiashara, kwisha. Mwalimu akaandika mabepari, tena kwa wingi. Unaweza kumbishia uchaguzi wake, watu wamembishia. Lakini huwezi kusema hakufikiri. Alijiuliza neno hili linafanya kazi gani kwa watu ninaowaandikia, kisha akachagua. Hiyo ndiyo tafsiri. Na hicho ndicho tunachotakiwa kumfundisha mtoto wa Namtumbo, wa Kasulu, wa Pemba: neno halina bei iliyobandikwa, unaliuliza linakwenda na nani na linafanya kazi gani.

Mtaniambia ni kelele nyingi kwa ajili ya kitenzi kimoja. Lakini fikirieni tunachompora mtoto. Amekuja shuleni anajua kusenya, kulina, kukinga, kutuama, kutanda. Tunampokonya yote hayo, tunampa kusanya. Upande wa pili tunamwahidi Kiingereza, tunampa "gather" isiyopanda basi, isiyoshona gauni wala kupata fununu. Miaka minne baadaye anatoka na lugha mbili nusunusu, halafu tunaandika makala magazetini kulalamika kwamba vijana hawajui Kiswahili wala Kiingereza. Wangejulia wapi?

Kwa hiyo ombi langu kwa wote tunaokwenda TP ni dogo. Siwaombi mgome, siwaombi mbadili sera, hayo yana wenyewe na mjadala wake hauishi leo. Naomba siku ya kwanza, mkishashika chaki, msiandike ile mistari miwili. Andikeni kitenzi na kitu chake, kisha geukeni mwaulize watoto: nyumbani kwenu hili mnaliitaje? Mtashangaa watakavyopiga kelele. Na darasa likipiga kelele namna hiyo, mkuu wa shule akichungulia dirishani, mwambieni watoto wanafanya kazi.

Nawasilisha. Mwenye hoja ashushe nondo hapo chini, mwenye kubisha anajua kimbweta changu kilipo. Na anayejua lugha za kwao zinasemaje kuhusu kuni na asali, alete na yeye, tuongeze kwenye hesabu.